Shangazi wa Ukoo wa Fisi

Magazeti ya watu binafsi yaliporuhusiwa, na kila moja likawa linatafuta hadithi za mapenzi, niliamua nami kuwa mwandishi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini Dodoma, nimepanga chumba Ipagala kwa mama mmoja wa Kigogo, mjane, mzaliwa wa Kibakwe. Hadithi yangu ilihusu kijana wa ukoo unaogeuka fisi, aliyempenda nesi wa zahanati. Kijana huyo nilimpa kila kitu: kifua kipana, sauti nzito, suti nyeupe, na ukuu wa kundi zima.

Jumapili moja baada ya kanisa nilimsomea mama mwenye nyumba, yeye akimenya karanga uani. Alisikiliza ukurasa mzima, kisha akainua mkono.

"Mwanangu, huyo ni fisi au mbunge?"

"Ni fisi, mama. Ndiye mkuu wao."

"Dume?" Alicheka hadi karanga zikamwagika. "Mimi nimechunga mbuzi tangu nina meno ya utoto. Fisi dume anakula mwisho. Wakubwa ni majike. Kwani huyo kijana wako hana mama? Hana shangazi?"

Nikakiri hana. Nilikuwa nimewaua wote ukurasa wa kwanza ili wasisumbue mapenzi.

"Wafufue," akasema.

Nilinuna siku tatu. Nilimpenda yule kijana na suti yake. Lakini nilipokaa tena kuandika, nikamweka shangazi mmoja tu mlangoni, amuulize anakwenda wapi. Kijana akadanganya! Akasema anakwenda kusali. Tangu nimuumbe hakuwahi kusema uongo, kwa kweli hakuwahi kusema lolote ila "nakupenda." Kufikia Ijumaa alikuwa mwoga, mwenye haya, anaficha paja la mbuzi ndani ya koti ampelekee nesi zawadi. Nesi naye ikambidi awe na akili, maana sasa alitakiwa kumwamkia shangazi shikamoo na kusubiri marahaba bila kukimbia.

Gazeti moja la Dar es Salaam likaichapa kwa sehemu. Barua zikaanza kuja, karibu zote zikimuulizia shangazi. Kijana hakuna aliyemtaja. Mhariri akaniagiza nimwozeshe shangazi haraka.

Nilidhani mama atapinga. Badala yake akauliza, "Bwana mwenyewe mtu wa wapi?"

"Fundi wa reli, kule Zuzu. Amefiwa na mke."

"Anakunywa?"

"Hapana, mama."

"Mwache anywe kidogo. Asije akatuchosha."

Jumapili ya kusoma sura ya harusi nilimkuta amekwisha kuoga, amevaa kitenge kipya, kiti changu kimefutwa vumbi. Jirani alipobisha hodi, mama akamjibu kwa sauti kutoka uani kwamba arudi kesho, leo tunaozesha.