Mzee Tupa na Sikio la Baiskeli

Walimwita Mzee Tupa kwa ajili ya ile tupa ya kusugulia chuma isiyotoka mkononi mwake, wala si kwa kutupa vitu. Thubutu! Huyo hata parafujo iliyopinda haitupi. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi katika duka la baiskeli za mashindano, lile lenye vioo mpaka chini na sakafu inayong'aa hadi unaona haya kuikanyaga. Yeye karakana yake ilikuwa nyuma, chumba kisicho na dirisha.

Kilichomkera ni bei. Maisha yamepanda, nani asiyejua? Mkate umepanda, kodi ya nyumba imepanda. Lakini mkate ukipanda hatua moja, baiskeli za pale mbele hupanda ngazi nzima. Na kwa lipi? Mzee Tupa alizifungua kwa mikono yake, nani wa kumdanganya? Toleo la mwaka huu ni lile lile la mwaka jana, limebadilishwa rangi tu, na nyaya za breki zimefichwa ndani ya fremu ili kazi ya dakika kumi iwe ya asubuhi nzima. Halafu kila mara wanabadilisha kipimo cha kidude kimoja, milimita mbili, ili cha zamani kisiingie. Wizi mtupu! Na wateja wenyewe, ukiwapunguzia bei wanaona kitu hakifai.

Miaka yote hiyo alinyamaza, funika kombe mwanaharamu apite. Mpaka yakamfika.

Kitinda mimba wake, binti wa miaka ishirini, alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano. Baiskeli yake ilitoka duka hilo hilo, ila alinunua mtumba, toleo la miaka mitatu nyuma. Ijumaa alfajiri akaanguka mazoezini. Yeye alichubuka kiwiko tu, lakini baiskeli ikavunjika sikio. Ndivyo mafundi pale walivyokiita kile kipande cha alumini, kidogo kama kidole gumba, kinachoshika gia ya nyuma. Bila hicho huendi popote. Na Jumapili ndiyo mbio za kuchagua timu ya taifa. Ukizikosa, mpaka mwaka mwingine.

Mzee Tupa akamwendea bosi wake, vipande vilivyovunjika vikiwa kiganjani.

"Bosi, naomba sikio la toleo hili, la baiskeli ya binti yangu."

"Hayatengenezwi tena. Baiskeli ya miaka mitatu? Tupa!"

"Naam, bosi?"

Bosi akacheka mpaka akashika meza. "Sikuiti wewe, mzee! Nasema itupe hiyo baiskeli. Mnunulie mtoto baiskeli mpya."

Mpya! Mshahara wake wa mwaka mzima usingetosha. Wenzake walipokwenda kula, alibana bonge la alumini kwenye jiliwa, akaviweka vile vipande pembeni viwe kielelezo, akaanza kusugua. Alisugua, akapima, akapuliza vumbi, akasugua tena. Kufikia saa tisa sikio lilikuwa tayari, na matundu yake. Akaliacha mezani, akaenda kusaidia kushusha mzigo. Aliporudi, halipo.

Akalikuta mbele, dukani. Lilikuwa limeshafungwa kwenye baiskeli ya mteja mmoja, wakili, mwenye toleo lile lile la zamani.

"Limekuja kwa ndege kutoka kiwandani," bosi alikuwa akimwambia. "Ndiyo maana bei yake imesimama hivyo."

Bei yenyewe ilikuwa sawa na kodi ya Mzee Tupa ya miezi miwili. Wakili alikuwa anatoa pochi.

"Kiwanda gani?" Mzee Tupa akauliza.

"Mzee, rudi nyuma, tutaongea."

"Tuongee hapa hapa! Kiwanda ni mimi! Nimelisugua mchana huu, vumbi lake bado liko puani mwangu. Na ni la mwanangu!"

Wakili akainama, akaligusa lile sikio kwa ncha ya kidole.

"Kumbe limetengenezwa kwa mkono?" akasema, na macho yakamng'aa. Akamgeukia bosi. "Basi nipe mawili."

Mzee Tupa hakuamini masikio yake. Alichukua bisibisi, akapiga goti mbele yao, akalifungua.

"Ukitoka nalo, usirudi," bosi akasema.

Akatoka nalo.

Jumapili binti alimaliza wa nne, na waliochaguliwa walikuwa watano. Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Jumatatu Mzee Tupa aliamka saa ile ile ya siku zote, akavaa, akawa anafunga kamba za viatu.

"Baba watoto, unakwenda wapi?" mkewe akamuuliza kwa upole.

Mkono ukasimama kwenye kamba. Miaka kumi na tisa! Alimtazama mkewe, kicheko kikamtoka.

"Mawili, mama watoto," akasema. "Yule wakili alitaka mawili!"