Dorka na Miche Anayoinyima Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, Dorka Amondi yuko kitaluni kwake Nyakunguru, wilayani Tarime. Ameinama na kopo la maji juu ya miche ya migunga iliyolegea ndani ya viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo. Mkono unatangulia, kisha unasita. Analiweka kopo chini.

"Zamu yake ni kesho," anasema.

Jirani yake Kisyeri, anayeswaga ng'ombe, anasimama kumtania. "Mama Oduol, miti yako imeokoka? Naona umeifungisha."

"Imeokoka. Bado wewe," anajibu Dorka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Dorka, mwenye miaka 54, huishi kwa kuotesha miche na kuiuza. Lakini hii sitini haiuzwi. Ni ya kilimani, kwenye duara la zamani, shimo la wachimbaji wadogo ambamo mwanawe wa kwanza, Oduol, alifukiwa miaka saba iliyopita. Dhahabu ilikuwa imewaka, vijana wakimiminika kutoka kila upande, Sirari hadi Serengeti. Oduol aliacha masomo kidato cha tatu, akashuka nao.

Duara lilipotitia, waokoaji walimsikia akigonga kwa siku mbili. Aliita akiomba maji. Mpira wa maji walioupenyeza haukumfikia. Kugonga kulipokoma, shimo lilifukiwa naye akiwa ndani.

Tangu hapo kila masika mvua huchimbua udongo ule na kuupeleka korongoni. Dorka anaogopa kwamba siku moja utaondoka na mifupa ya mwanawe. Ndiyo maana anataka miti iushike.

Amekwisha kushindwa mara mbili. Miche ya mara zote mbili aliimwagilia asubuhi na jioni, ikanenepa, majani mapana, watu wakaisifu. Aliipanda kilimani, kufikia Julai yote ilikuwa imekauka.

"Ningeachaje kitu changu na kiu, baada ya yale?" anauliza.

Alipoing'oa, mizizi haikuzidi urefu wa kidole. Lakini mche mmoja uliosahaulika nyuma ya uzio wa kitalu, bila kumwagiliwa na mtu, ulikuwa umetoboa kiriba na kuzama ardhini. Majani yake yalikuwa madogo, magumu, yanang'aa kama yamepakwa nta. Aliuvuta, ukakataa.

Jioni hiyo alifungua daftari la baiolojia la Oduol. Mna mchoro wa seli ya mmea ambao kijana alimweleza siku moja wakipukuchua mahindi. Anakumbuka maneno yake: "Mama, hiki ni chumba cha maji. Kikijaa kinausukuma ukuta, jani linasimama. Kikipungua, linalala."

Kulala, akaelewa, si kufa. Mche unaoonjeshwa kiu kidogo kidogo hukaza majani usipoteze maji, na mizizi yake huyatafuta chini.

Sasa, mwezi mmoja kabla ya kupanda, huimwagilia miche hii sitini kila baada ya siku mbili. Hajazoea. "Nikiikuta imelala, namsikia akigonga," anasema.

Mvua zikianza ataipanda kuzunguka duara, na hatapeleka maji tena. Anachagua mche mmoja, anakigeuza kiriba chake. Mzizi mweupe umechungulia chini.

"Huu wenye kiu unashuka," anasema. "Sisi hatukumfikia. Huu utamfikia."