Picha Iliyokuwa Inakuja kwa Treni

Niseme mapema, msije mkadhani nilidanganywa kidogo: niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa miaka isiyopungua sita, kwamba reli ya Nachingwea ilijengwa ili kuleta picha ya Yesu.

Si picha ya kuchorwa. Picha ya kupigwa, ya kamera, asubuhi ile ya kufufuka, na mmoja wa askari waliolinda kaburi kabla hajatupa mkuki na kutimua mbio. Wazungu walikuwa wameificha muda wote huo, na sasa, vita vikuu vya dunia vikiwa vimekwisha, walikuwa wameamua kuizungusha nchi hadi nchi. Habari hizi nilipewa na Mmakonde mmoja wa ng'ambo ya Ruvuma, mwenzangu wa kazi kwenye mashamba ya karanga, mtu aliyewahi kubeba mizigo bandarini na kwa hiyo hakuna jambo la dunia ambalo hakulijua.

"Sanduku nimeliona kwa macho haya," aliniambia. "Kufuli saba. Askari wanne wanalilinda, na hawaruhusiwi hata kupiga chafya."

"Na reli inahusikaje?"

"Reli ndiyo yake! Wewe Mmwera, hebu tumia kichwa hicho siku moja. Umeona wapi watu wanalaza chuma kutoka baharini mpaka porini huku, wanaleta matingatinga ukubwa wa kilima, kwa ajili ya karanga? Karanga! Mama yako analima karanga kwa jembe moja, tena lililovunjika mpini."

Hoja hiyo ilinimaliza. Hata leo sijapata wa kuijibu vizuri.

Isitoshe, nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Tulipoandikishwa kazi, kila mmoja alisimamishwa mbele ya turubai, akapewa kibao chenye namba akishike kifuani, na mpiga picha akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi kama anayetafuta kitu kilichomdondokea. Bila picha hupati kipande, ile kadi ya kujitambulisha, na bila kipande huna kazi. Nikawaza: ikiwa mimi, mng'oa visiki, siaminiki kwamba mimi ni mimi mpaka nipigwe picha, itakuwaje Mwana wa Mungu afe, afufuke, halafu asiwepo hata mtu mmoja wa kumpiga picha? Mungu hawezi kuwa mzembe kuliko karani wa karanga.

Mimi nilikuwa nimekwisha kubatizwa bila kuuliza swali hata moja, kwa sababu nilipenda nyimbo, na nilipenda zaidi shati jeupe. Maswali yote ya ukoo wetu alibaki nayo mama.

Mama alikuwa akiishi upande wa Nandagala, kule Ruangwa, mjane, mchimba ming'oko, vile viazi vya porini, ambaye hakuwa na mpinzani. Nikisema kwamba aliweza kunusa ming'oko iliyo futi tatu chini ya ardhi, naongeza kidogo, lakini kidogo tu. Alivaa ndonya yake, kile kisahani cha mti, kwenye mdomo wa juu kama wanawake wa rika lake, na alipocheka ndonya ilipanda hadi puani. Miaka ya nyuma aliwahi kushindwa kesi ya mpaka wa shamba. Aliyeuona mpaka ukiwekwa alikuwa mzee mmoja, na mzee huyo alifariki siku chache kabla ya baraza. Mama akaambiwa: shahidi wako yuko wapi? Akasema: kaburini. Shamba likaenda.

Kwa hiyo mwalimu wa dini alipoanza kuja kwake, mtu mwembamba, mpole, mwenye kikohozi, mama alimpokea vizuri, akampa ming'oko ya kuchemsha, kisha akamgeuzia baraza. Nilikuwepo siku moja, nimetoka kazini kuja kusalimia.

"Mwalimu, aliyemwona akitoka kaburini ni nani?"

"Waliomwona baada ya kutoka ni wengi, mama."

"Niletee mmoja."

"Wamekufa. Zamani sana."

"Wote?"

"Wote, mama."

Mama akanitazama, akamtazama mwalimu, akasogeza sahani mbele yake. "Kula, baba. Kesi yako ni kama yangu."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Lakini mama hakuwa akifanya mzaha. Akamuuliza kwa nini huyo Yesu alikuja wakati ule, na kule mbali, akaonekana na watu wachache tu, halafu hao wachache wakafa. Angengoja kidogo akaja sasa. Sasa kulikuwa na malori, kulikuwa na barua, kulikuwa na mwanawe huyu anayesoma herufi kubwa bila kukosea sana.

"Kwa nini ulikuwa wakati ule, sijui," mwalimu alisema. "Mimi ningechagua kiangazi, barabara zinapitika. Lakini hata waliomwona kwa macho, mama, wapo waliomwona wakaenda zao."

"Hao wajinga. Mimi nikiona siondoki."

Iliendelea hivyo miaka miwili na zaidi. Mwalimu alikuja masika, matope mpaka magotini. Alikuja kiangazi, mavumbi mpaka kope. Hakupata jibu jipya hata moja. Yale yale kila siku, na ming'oko, na kikohozi.

Halafu safari moja nikafika nyumbani, mama akaniambia ametosheka. Alisema hivi, namkumbuka ameketi kizingitini akipepeta mtama: "Huyu mwalimu amemaliza viatu viwili akija hapa. Shahidi wa kaburini sina. Lakini sijapata kuona mtu akitembea namna hii kwa ajili ya uongo. Nitamwambia anibatize. Unadhani ndonya niivue au niiache?"

Ningenyamaza. Mpaka leo nikiwa peke yangu natamani ningekuwa nimejaza ugali mdomoni. Lakini mimi wakati huo nilikuwa kijana wa Nachingwea, mwenye kipande chenye picha mfukoni, na nilikuwa nimebeba habari kubwa kuliko zote zilizowahi kufika Nandagala. Nilitaka kumletea mama kile alichodai siku zote. Nilitaka ashinde kesi.

"Mama," nikamwambia, "usibatizwe kwa kuhurumia viatu. Shahidi anakuja." Nikamweleza yote, picha, askari, reli. Zile kufuli saba mikononi mwangu zikafika kumi na mbili.

Akaacha kupepeta. "Umeiona?"

"Rafiki yangu ameliona sanduku."

"Sanduku."

"Treni ya kwanza tu, mama. Nitakupeleka mwenyewe kwa lori uione kwa macho yako. Halafu unabatizwa, na hakuna wa kukuuliza kitu."

Akauweka ungo wa mtama mapajani. Kisha akasema, "Shamba lilinitoka kwa kukosa shahidi. Kama safari hii shahidi yuko njiani, nisimngoje?"

Nikarudi kazini nikiimba.

Mwalimu alipopata habari alishangaa. Alimwambia mama kwamba picha hiyo hajaisikia, ila mambo ya Wazungu humfikia yeye mwisho kuliko watu wote, basi atamuuliza padri atakapopita. Padri alikuwa na vituo vingi kuliko siku za mwezi. Hakupita.

Mvua za mwaka ule zilikuwa za kuzamisha vyura. Tuta la reli likamomonyoka, likajengwa, likamomonyoka tena. Treni ikasemwa kesho, ikasemwa mwezi ujao. Ilipofika hatimaye, stesheni ilijaa watu wa kabila zote na dini zote. Wengine walikuja kuona moshi tu, mimi nilikuja kuona askari wanne. Yakashushwa mapipa ya mafuta. Ikashushwa saruji. Vikashushwa vyuma, na kitanda cha Mzungu chenye magurudumu. Nikalikagua kila behewa mpaka nikafukuzwa.

"Watu wa pwani wameng'ang'ania waone kwanza," yule Mmakonde akasema, naye amekunja uso, maana aliamini kama mimi. "Unawajua. Treni ijayo, ndugu yangu."

Jioni ile ile dereva wa lori akaniletea ujumbe: mama ni mgonjwa, kifua, njoo.

Treni ijayo ilikuwa baada ya siku nne. Nilisimama na ujumbe ule kichwani nisijue pa kuushika. Nikienda sasa, nakwenda mikono mitupu kwa mtu anayengoja. Nikibaki siku nne, nakwenda na habari kwamba imefika, nimeiona mimi, mwanao, shahidi aliye hai. Nikamrudisha dereva na maneno haya: mwambieni mama asiwe na wasiwasi, treni ijayo.

Treni ijayo ilileta saruji.

Nilitembea siku moja na nusu bila kula, na safari hii siongezi chumvi. Nilipofika uani nikawakuta wanawake wameketi chini, na mwalimu wa dini amesimama pembeni, jembe mkononi, udongo mpya miguuni. Walikuwa wamemzika asubuhi.

"Nilimwendea mara tatu na kikombe cha maji, nimbatize," mwalimu aliniambia. Hakuniangalia. "Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka. Akasema, mwalimu, usiniharakishe, mwanangu ametuma neno, anarudi na shahidi wangu. Nikakaa na kikombe."

"Ungemmwagia tu! Ruhusa ulikuwa nayo, kwa mtu anayekufa!"

"Kwa nguvu? Na yeye ameniambia ningoje?"

"Hakukataa, mwalimu! Alikuwa anangoja!"

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa anangoja."

"Na yale maji?"

"Wachimba kaburi walikuwa na kiu."

Nikamuuliza mama yuko wapi sasa. Nilimuuliza kwa hasira, kama vile yeye ndiye aliyemficha. Mtu aliyetembea miaka miwili kuja kutuambia mambo ya mbinguni alisimama pale na jembe lake akasema, "Sijui. Natamani ningejua. Nimemwomba Mungu amfikirie, lakini sijui." Nikamwambia hilo si jibu. Akasema ndilo alilo nalo.

Ungedhani ningeshtuka nikaacha kuamini ile habari. Wapi! Niliishikilia zaidi. Ikiwa picha ipo na imechelewa, basi aliyemchelewesha mama ni reli, ni mvua, ni watu wa pwani. Nilikwenda stesheni kila treni ilipoingia. Niliwauliza mafundi wa injini mpaka wakanipa jina ambalo siliandiki hapa. Karanga zikashindikana, matingatinga yakaondoka, yule Mmakonde akahamia Kilimarondo kupigana na nguruwe mwitu shambani, mimi nikapata kazi ya kufagia ghala. Na nikaanza kusoma masomo ya jioni ya watu wazima, baada ya kazi, kwenye banda lenye karabai moja iliyovuma kuliko mwalimu.

Huyo mwalimu wa jioni alikuwa kijana, labda mdogo kwangu kwa miaka minane. Siku moja alileta gazeti tujifunze kusoma, na ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya watu wamesimama kwenye daraja jipya. Akatuambia tuulize lolote kuhusu picha ile. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ile picha ya Yesu iliyokuwa ije kwa treni ya kwanza, iliishia stesheni gani?"

Darasa zima likacheka, ila wawili nyuma hawakucheka. Wao pia walikuwa wakingoja jibu. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia mama yangu alikuwa tayari kubatizwa, nikamzuia mimi aingoje kwanza, akafa akiingoja.

Akalikunja gazeti polepole, akaja mpaka kwenye benchi langu.

"Kaka," alisema, "hiyo picha haikupata kuwepo. Wakati wa Yesu kamera zilikuwa hazijatengenezwa, na zilichukua miaka elfu moja na mia nane mingine kutengenezwa. Hata mama angeingoja mpaka leo, isingefika."