Kelele Katika Radio ya Papa

Papa alipohamia kwetu Vulamba, hapa Butembo, alikuja na valizi moja, blanketi na radio yake. Mama alikuwa ameshafariki, na sisi watoto hatukutaka abaki peke yake katika nyumba ya Mulekera, kule Beni. Nilimpa chumba kinachotazama mikaratusi. Akaiweka radio dirishani, akavuta antena, na giza lilipoanza kuingia tukasikia wote kitu kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Nyuma ya nyuki hao, mbali sana, mtu alikuwa akisoma habari kwa Kiswahili.

"Kule Beni ilikuwa inasema muzuri," papa akasema. "Huku Butembo hata hewa iko na makelele."

Radio ile hushika vituo vya mbali, vile vya mawimbi mafupi. Yeye na mama walikuwa wanavisikiliza pamoja baada ya chakula, halafu wanabishana kuhusu nchi ambazo hawajawahi kuziona. Sasa alikuwa anakaa na sikio limegusa spika, akiokota neno hapa na pale. Jioni moja aliizima kabla habari hazijakwisha.

"Mwezi inakuja nitarudia kwangu," akasema. Hakusema kwa hasira.

Mimi ninauza vitenge sokoni, lakini nyuma ya nyumba nina meza yangu ya kufungulia vitu. Mume wangu anaiita maternité, wodi ya wazazi, kwa sababu anadai kila kitu kinacholazwa pale kinazaa vingine viwili vilivyoharibika. Nimewahi kutengeneza feni kwa mota ya mashine ya fotokopi. Ilivuma vizuri, ila kuelekea ukutani. Nimewahi kutengeneza kengele ya mlango inayolia kila mbuzi wa jirani akijikuna kwenye ua. Kwa hiyo niliposema nitatafuta inakotoka kelele ile, hakuna aliyenitia moyo.

Nilianza kwetu. Nikamwomba papa ashike radio, nikazima ampule za taa moja moja, nikachomoa chaja za simu, nikakata hata waya wa panneau ya umeme wa jua iliyo juu ya mabati. Nyumba nzima ikawa giza. Chaja moja ilikuwa mbovu, na kelele yake ndogo, lakini nyuki walibaki.

"Hapana kwako," papa akasema gizani, na nikasikia katika sauti yake kwamba ameanza kupendezwa na mambo haya.

Kesho yake nilikuwa nikichezea radio ile mezani, nikaihamishia kwenye mawimbi ya kati. Kelele ilikuwapo pia. Lakini nilipoigeuza radio polepole, kelele ikapungua, ikakaribia kufa, halafu ikarudi. Niligeuza tena. Ikafa palepale. Niliifungua, nikaona ndani kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba: ndiyo antena ya mawimbi hayo. Nilijaribu kwa chaja ile mbovu, nikiizungukia kama mtu anayepima nguo. Kila ncha ya kijiti ilipoielekea chaja, kelele ilizama. Basi radio yenyewe iliweza kunionyesha njia.

Jioni nilitoka nayo, nimeikumbatia kifuani. Nilikuwa natembea kidogo, nasimama, nageuka mpaka inyamaze, natazama kijiti kinaelekea wapi, naendelea. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo alinitazama nikizunguka mahali pamoja.

"Mama, uko natafuta réseau ya simu?"

"Niko natafuta kelele."

"Ah! Ya kwangu iko ndani, imelewa."

Tulicheka, nikaendelea. Kelele ilikua mpaka nikalazimika kupunguza sauti. Ilinifikisha kwenye lango la bluu, nyumba ya dereva mstaafu ambaye zamani alikuwa akipeleka malori mpakani Kasindi. Ni familia ya Waislamu. Tulikuwa tukisalimiana njiani tu. Mke wake alinifungulia, nikaeleza nilivyoweza. Akaguna.

"Mzee iko na mambo yake mule. Hata miye hapana ingia bila kupiga hodi."

Mzee alinipokea chumbani mwake na bisibisi mkononi. Katika chumba kile kulikuwa na kabati kuukuu lililofunikwa blanketi, lenye dirisha dogo la kioo. Nilichungulia. Mayai ya kuku, yamepangwa safi chini ya ampule mbili za kuyapasha joto yaanguliwe. Pembeni yake, juu ya batri, kulikuwa na convertisseur, kile kisanduku kinachougeuza umeme wa batri uwe kama ule wa nyumbani. Radio ya papa ilikuwa inapiga kelele hata maneno hayasikiki.

"Ni yangu ile?" akauliza.

"Tujaribu, mzee. Zima kidogo tu."

Akasita, akatazama mayai, akazima. Nyuki wakatoweka. Nikarudisha radio kwenye mawimbi mafupi, na sauti ya mtu ikajaa chumbani, ikisoma habari za mafuriko ya nchi fulani, safi kana kwamba amesimama mlangoni. Mzee akacheka peke yake. Akawasha, nyuki. Akazima, mtu. Alirudia hivyo kama amesahau kwamba mimi nipo.

Lakini hakuweza kuzima jioni nzima, vifaranga wangekufa ndani ya mayai. Alikuwa na convertisseur nyingine ya aina ileile, iliyokwisha kuungua, tukaifungua mezani. Kwenye kibao cha ndani kulikuwa na nafasi zilizochorwa alama za vipande, na vipande havikuwamo. Vilikuwa vya kuzuia kelele; waliotengeneza waliviacha tu. Tulijaribu kuifunika ile inayofanya kazi kwa kopo la mafuta lililotobolewa. Kelele ilipungua kidogo, haikuisha.

Halafu nikauliza jambo lililokuwa linanizunguka kichwani.

"Mzee, lori yako ilikuwa na convertisseur?"

"Ya kufanya nini? Lori ni batri tu na..." Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na sahani ya ampule za taa za lori, zinazowaka kwa batri moja kwa moja. "Mwenye duka ndiye aliniambia bila convertisseur hapana wezekana. Na miye nikakubali! Miye, mutu wa malori!"

Ampule ya kwanza, ya taa ya mbele, ilipasha moto kupita kiasi. Kadibodi iliyotandikwa ndani ya kabati ikaanza kunuka, tukaizima tukikimbizana. Ya pili ilikuwa ndogo, ya taa ya pembeni, na kwa mbili za namna hiyo joto likakaa pale alipolitaka. Convertisseur ikachomolewa.

Nilimrudishia papa radio yake pale dirishani. Alikuwa hajawasha taa. Akaiwasha radio, akaninyooshea kiganja nisiseme, kwa sababu habari zilikuwa zinaendelea, na zilipokwisha akasema, "Wasingya," asante ya kwetu ya Kinande, ambayo hanipi mara nyingi.

Siku chache baadaye alitaka kumwona mtu wa kelele. Nikampeleka. Wazee wale walianza na bei ya kahawa, wakaingia barabara ya Kasindi, wakafika mafuriko ya nchi ile ya mbali, na hapo wakaanza kubishana. Mayai mengine hayakuanguliwa, lakini mengi yalianguliwa. Papa alikuwapo siku hiyo. Alirudi kwetu na manyoya kwenye koti, akaniuliza kama nina kabati lisilo na kazi, naye aweke mayai yake.