Ndugu Wanne wa Herufi Moja

Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa na ndugu wanne: Karisa, Katana, Kahindi na Kazungu. Sikuona kosa lolote. Ndivyo tunavyoitwa sisi Wagiriama. Mtoto hupewa jina la babu, naye akikua humpa mwanawe jina la babu mwingine, na majina yaleyale huzunguka ukoo mzima. Niliamini nimeandika ukweli mtupu, na nilijivunia.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja karani wa mapokezi, kwenye zahanati niliyokuwa nikimpeleka mama yangu kila mwezi kupimwa presha. Tulikuwa tukitoka kwetu Muyeye mapema ili tuwahi foleni, na katika kungoja kwetu nilipata muda mwingi wa kumtazama akifanya kazi. Nilianza kumstahi kabla hatujasemezana.

Asubuhi moja aliita jina ambalo kwetu ni la kawaida kama mchicha. Wakasimama wanawake watatu. Mlinzi wa mlangoni akataka kusaidia. "Ni yule anayechechemea!" akasema kwa sauti.

Karani akamkata jicho. Akaitazama kadi tena, kisha akasema kwa upole, "Namtaka wa kutoka Ganda, aliyekuja na mkwewe."

Wawili wakaketi, wa tatu akaenda dirishani, na hakuna aliyeona haya. Miezi ilivyopita niligundua kwamba huo ndio utaratibu wake. Hata foleni ikifika nje, hakumtambulisha mtu kwa maradhi wala kwa kilema chake. Alitumia kijiji, au mtoto wa kwanza, au leso aliyojifunga mtu siku hiyo. Kila mmoja alijua ni yeye anayeitwa.

Siku moja niliona kitabu kando ya kadi zake, kimejaladiwa kwa gazeti. Ilikuwa riwaya. Nikajipa moyo.

"Shikamoo, mama. Mimi nami naandika riwaya."

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

"Iko kwenye simu."

"Simu yaniumiza macho. Kaichapishe uniletee."

Nikaipeleka juma lile lile. Mwezi uliofuata aliniambia nipite kwake Jumamosi, mji wa kale, nyuma ya msikiti. Nilimkuta barazani na dada yake mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Kumbe mswada wangu wote ulikuwa umesomwa kwa sauti pale, huku dada mtu akikuna nazi au akichambua mchele.

"Keti," karani akaniambia. "Kwanza nikwambie yaliyonipata. Nimemlilia Karisa siku mbili. Nikaja sura ya pili yake, namkuta Karisa anakula ugali. Kumbe aliyeanguka mnazini ni Kazungu."

Dada yake akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka. Akanipa zile karatasi. Pembeni alikuwa amepiga mistari midogo ya penseli, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kila mstari ni pale dada aliponiuliza, 'Yupi huyo?'"

Nilijitetea. Nilimwambia hayo ndiyo majina yetu, na kwamba siko tayari kuwabatiza watu wangu majina ya kigeni ili msomaji apate wepesi. Nilisema kwa ukali kidogo, nami najuta.

Hakukasirika. "Nani kakwambia uwape majina ya kigeni? Mimi naishi na majina yenu kila siku. Nawajua Wagiriama wanaoitwa Thoya, Ngumbao, Charo, Jefwa. Hao si watu wenu?"

Nikaitazama ile mistari ya penseli.

"Basi niambie," akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Huyu aliyekufa, Kazungu. Ni mtu wako?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kaka yangu alikuwa mgema, na alianguka mnazini nikiwa bado shuleni. Jina lake halikuwa Kazungu, lakini lilianza vivyo hivyo, na kila nilipoliandika hilo la riwayani nilimwona akikwea na kibuyu kiunoni. Nilimwambia hayo yote pale barazani. Dada yake akaacha kuchambua mchele uliokuwa ungoni mwake.

"Basi huyo mwachie jina lake," karani akasema. "Wengine ndio wasogee, wampe nafasi."

Tulikaa mpaka adhana ya alasiri. Nilitaja majina, naye akayasoma ndani ya sentensi zangu, dada yake akiwa hakimu. Nilipotaka ndugu mmoja aitwe Safari, akasoma, "Safari alianza safari," wakacheka wote wawili. Nikasema herufi kubwa itamwongoza msomaji. "Herufi kubwa haisikiki," dada mtu akanijibu. Jina la Baya nalo likakataliwa, kwa kuwa kijana niliyemkusudia alikuwa na tabia nzuri kuliko wote, na sentensi zingemtukana bure. Mwishowe Karisa akawa Thoya, Katana akawa Ngumbao, Kahindi akawa Jefwa. Mke wa Kazungu na dada wa mke huyo, ambao walikuwa Kadzo na Kache, wakawa Sidi na Mbeyu.

Nilirudi nyumbani nikiona kama nimewasaliti watu wangu. Lakini nilipoanza kubadilisha, jambo nisilolitarajia likatokea. Ngumbao, kwa jina lake zito, akaanza kusema polepole. Jefwa akawa mcheshi. Nilitambua kwamba mwanzoni sikuwa nimewajua hata mimi. Nilikuwa na Kazungu mmoja na vivuli vitatu nyuma yake. Niliandika upya nusu ya kitabu.

Mswada wa pili ulisomwa palepale barazani, na safari hii walinialika nisikilize. Karani alisoma bila madoido, kama anayesoma barua ya nyumbani. Dada yake aliuliza "Yupi huyo?" mara mbili tu. Walipofika kwenye mnazi, akaweka ungo chini. "Masikini Kazungu," akasema, kisha akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Karani alifunga karatasi akamngoja. Nami nilikuwa nalia, sikujificha.

Kitabu kilipopata mchapishaji, nilimuuliza karani kama naweza kumshukuru kwa jina ukurasa wa mbele. Alikataa katakata. Alisema jina lake wanalo wengi pale mjini, na hataki mwenzake mmoja apewe sifa ya kazi asiyoifanya. Nikamuuliza basi anataka nini. Akataka nakala mbili, na moja kati ya hizo niichapishe kwa herufi kubwa, kwa sababu dada yake amepata miwani na anataka kujisomea mwenyewe.