Mrushaji Aliyeumia Bega

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Stima niliivuta mwenyewe kwa ajili ya posho mill yangu ya kusaga mahindi, wakati walimu wa pale Ndanai bado wanasahihisha vitabu kwa taa ya mafuta. Kwa hivyo kijana wangu wa kwanza alipokuja likizo kutoka Amerika na gemu ya kuchezwa kwa TV, mahali pa kuichomeka palikuwa tayari. Alileta na transfoma ndogo, kwa sababu vitu vya huko vinaungua na stima yetu. Picha ilikuja bila rangi. Sikujali.

Huko alikuwa chuo kikuu, na mbio ndizo zilimpeleka. Karo ililipwa na miguu yake. Nauli ya ndege tulichangiwa na majirani, mpaka wajane walileta kuku.

Kaseti ya gemu ilikuwa moja tu, ya besiboli. Alitufundisha mimi na dada yake, binti yangu aliyekuwa amemaliza fomu foo na anangoja kuitwa koleji. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga na rungu, kisha anakimbia kuzunguka kona nne arudi alikotoka. Namna za kucheza zilikuwa kadhaa. Kuna mechi ya kirafiki, mnacheza, inaisha, mnasahau. Kuna shindano la kupiga mbali, kazi ni kuvusha mpira nje ya ua tu, na hiyo mke wangu aliipenda na alitushinda sisi wote. Halafu kuna msimu. Msimu ni mechi baada ya mechi, na kaseti inakumbuka kila kitu hata ukizima stima. Ndani ya msimu unaweza kuachia mashine icheze, wewe ukae meneja, useme nani arushe, nani akae benchi, nani abadilishwe na mtu wa timu nyingine. Mimi nilichagua hiyo. Nimeandika watu kazi miaka mingi, najua kumweka mtu mahali pake.

Majina nilidhani ni ya kubuni. Kijana akacheka. Akasema waliotengeneza gemu walilipia ruhusa ya kuyatumia, na kila jina ni la mtu wa kweli, na namba yake mgongoni, na mkono anaorushia.

"Hata sasa hivi, baba, huyu ako kwake anakula."

Nilipenda hivyo. Alirudi Amerika, tukaendelea na msimu wetu.

Alikuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, kwa duka la rafiki yangu pale Sotik. Mvua ya masika ikiwa imekolea, akaniambia mguu unauma kidogo na hajakimbia. Nikamuuliza kidogo namna gani. Akauliza habari ya ng'ombe. Mtoto wangu akianza kuuliza ng'ombe, kuna jambo. Nilirudi nyumbani.

Nikakuta binti ameshika msimu. Mrushaji wetu mkubwa, aliyetubeba tangu mwanzo, alikuwa ameumia bega. Mashine iliandika Kizungu, binti akanisomea kwamba huyu hawezi kurusha kwa muda mrefu. Akabonyeza, akabonyeza tena, na yule mtu hakuwa wetu. Jina lingine lilikaa pale pake.

"Ameenda wapi?"

"Timu nyingine, baba. Tumepewa mzima."

"Aliulizwa?"

"Haulizwi. Ni kubonyeza tu."

"Na huko kwao, kwa watu wa kweli, wanaulizwa?"

Binti aliacha kubonyeza. Alielewa sikuwa nauliza besiboli.

Nikamwambia azime kabla kaseti haijaweka hiyo habari, awashe upya. Mrushaji akarudi, na bega lake bovu. Kuanzia siku hiyo nikakataza mtu yeyote kubadilishwa. Mashine ilituletea ofa za kubadilishana, binti akizisoma mimi nikitikisa kichwa. Tulipigwa na kila timu. Mke wangu alikuwa akipukuchua mahindi pale kando, akaniambia, "Mzee, kwa posho mill ulimfukuza mtu kwa kuchelewa asubuhi moja. Huyu mzungu wa TV amekulisha nini?" Alisema hivyo kunitania, lakini yeye mwenyewe chakula kilikuwa hakimshuki. Kila nikitoka sokoni Sotik aliniangalia uso kwanza, mzigo baadaye.

Jumamosi ya simu ilifika. Nilikaa kwa lile duka tangu linafunguliwa, nikiruka kila simu ikilia. Ilipokuwa yake sikumsalimia.

"Wamekubadilisha?"

Akasema mfupa una ufa, daktari amemkataza mbio. Skolashipu inaisha na muhula. Lakini kocha amempa njia. Akimletea mkimbiaji mzuri kutoka kwetu, ataachwa amalize masomo akiwa msaidizi wa timu. Akanitajia kijana wa jirani yangu, yule anayekimbia kila asubuhi kwenye mashamba ya majani chai hata jasho hana.

"Zungumza na babake, baba. Usimwambie mambo ya mguu wangu, ataogopa."

Nilirudi kwa miguu, sikutaka gari wala mtu wa kuongea naye. Nikinyamaza juu ya mguu, mtoto wangu anasoma. Nikisema, jirani anaweza kukataa, na wangu anarudishwa bila karatasi ya chuo, mbele ya watu waliotoa kuku.

Jirani nilimkuta akikama. Hakuwa mtu wa kuzungushwa, na mimi kuzunguka sijui. Nikamwambia kuna nafasi Amerika ya kijana wake. Alisimama, akaacha ng'ombe. Nikamwambia asifurahi kwanza. Nikamwambia kule mguu ndio karo, na siku mguu ukivunjika karo imevunjika, na wa kijana wangu umevunjika, na hiyo nafasi ndiyo yake.

Aliweka ndoo ya maziwa chini.

"Kijana wako anajua unaniambia haya?"

"Alinikataza."

"Na mimi nikikataa, yeye anakuwaje?"

"Anarudi nyumbani."

"Basi kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu."

Alinawa mikono polepole kwa maji ya ng'ombe. Sikujua kama nimetoka kumtupa mtoto wangu. Halafu akamwita kijana wake atoke nje, akamwambia aketi juu ya gogo, akanigeukia.

"Rudia yote," akasema. "Na usiruke mahali."

Nikarudia.