Fundi Katoka Kidogo

Mwaka wa tisini na moja nilirudi nyumbani Nyamirambo kutoka shuleni nimefura kwa hasira. Mwalimu wa Kifaransa alikuwa ametufundisha kwamba wanawake mia wakikaa na mwanamume mmoja, sentensi nzima inageuka ya kiume. Mia, jamani! Hata kama huyo mmoja kasinzia pembeni.

Baba, fundi cherehani, alicheka mpaka akavua miwani. "Waache na lugha yao, mwanangu. Sisi kwetu yeye ni yeye. Fundi ni fundi, awe mume awe mke."

Nilifurahi kweli. Kesho yake nikawaringia wenzangu kwamba Kiswahili chetu, na Kinyarwanda vilevile, havina ubaguzi huo.

Wakati huo macho ya baba yalikuwa yameanza kukataa. Kutunga uzi hawezi, chaki kwenye kitambaa cheusi haioni. Kwa hiyo makoti ya wanaume nilikata na kushona mimi. Ila msichana kumzungushia mwanamume futi kifuani ilikuwa aibu, basi tulipanga hivi: baba anapima, anabana futi kwa kucha pale ilipofika, anaipitisha nyuma ya pazia, mimi nasoma na kuandika. Nilitaka kitu kimoja tu: baba aniite fundi mbele ya watu.

Siku moja ya likizo akaja mfanyabiashara wa Nyabugogo, amevaa koti la harusi nililomshonea.

"Mzee, hii koti iko muzuri sana! Najua macho yako imechoka, sasa nani alishona? Nataka aniambie yeye mwenyewe kama hii kitambaa itatosha ingine."

Nilikuwa pale pale kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikazitoa nijibu. Baba akanitazama, kisha akatazama chini.

"Fundi katoka kidogo," akasema. "Kaa, atarudi."

Loo! Kifaransa hakijawahi kuniumiza vile. Nilijua anaogopa: wateja wakisikia ni binti, watahamia kwa jirani. Nilijua, na bado nilimchukia asubuhi ile.

Mteja akakaa kwenye benchi, kitambaa magotini. Baba akaniambia nimpelekee chai. Nikampelekea. Akanishukuru vizuri tu, akaendelea kuangalia mlangoni.